Msituambie Tusubiri

Waswahili tuna methali mbili zinazogombana. Mwenzetu akiwa na haraka tunamwambia subira yavuta heri. Haraka ikiwa yetu, tunakumbuka kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Katika idara ninayosomea shahada ya uzamili, methali ya kwanza ni ya wanafunzi na ya pili ni ya walimu. Na ukitaka kujua wewe uko upande gani, usiulize umri wala cheo. Angalia mashine yako ina gigabaiti ngapi za kumbukumbu.

Yangu ina 4. Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika Ujerumani, na mpaka leo herufi Z na Y zimebadilishana viti kwenye kibodi. Betri yake ni ya kubembeleza. Feni yake ikianza kuzunguka, wapangaji wenzangu hapa Sinza wanajua kwamba nafanya kazi ya shule.

Nataka kuitetea programu moja ndogo ambayo wasomaji wengi wa jarida hili hamtaitumia kamwe. Nivumilieni. Simtangazii mtu biashara, maana programu yenyewe ni ya bure na aliyeitengeneza hanijui. Naitetea kwa sababu imenionyesha kwamba jambo nililoambiwa ni udhaifu wangu halikuwa langu, na kwa sababu kuna mtu mmoja aliyeambiwa hivyohivyo akaamini.

Mtu anayeandika programu hafanyi kazi kama seremala, anayeona mbao zikipishana kwa macho yake. Anaandika gizani. Anaandika mistari kadhaa, kisha anaikabidhi kwa kompaila, ile programu inayosoma maandishi ya mwanadamu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Kabla ya kuyageuza, huyakagua. Kwa lugha ninayotumia mimi, Haskell, ukaguzi huo ni mkali kuliko wa askari wa barabarani mwisho wa mwezi. Kazi yangu ya tasnifu inahusu programu za kukokotoa ankara za maji. Nikijaribu kujumlisha lita na shilingi, kompaila inakataa katakata: hiki ni kiasi cha maji, hiki ni fedha, mstari wa 48, rekebisha. Haijali nina digrii ngapi. Ninaipenda kwa hilo.

Kwa hiyo kazi yenyewe, ukiivua majina yote makubwa, ni mazungumzo. Unauliza, unajibiwa, unauliza tena. Siku nzuri unauliza mara mia mbili. Sasa fikiria unazungumza na mtu ambaye kila ukimuuliza jambo anaondoka, anakwenda mpaka Mwenge, anarudi, ndipo anajibu. Hata kama jibu lake ni la hekima namna gani, kufikia jioni mtakuwa mmeongea maneno matano.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa muhula wangu wa kwanza. Mwongozo wa somo ulituelekeza tusakinishe kihariri fulani kikubwa, na ndani yake tuweke seva ya lugha. Seva ya lugha ni programu inayokaa nyuma ya kihariri, inasoma msimbo wako wote, na kukuonyesha makosa palepale unapoandika, inakumalizia majina, inakupeleka jambo lilipofafanuliwa. Ni kitu kizuri. Itifaki yake ilitangazwa na Microsoft pamoja na wenzao mwaka 2016, na imezisaidia lugha nyingi ndogo zisiachwe nyuma. Sina ugomvi na wazo lake. Ugomvi wangu ni na sentensi iliyofuata kwenye mwongozo ule: mashine iwe na gigabaiti 16, na kwamba wenye pungufu ya hapo “watahitaji subira”.

Kwenye mashine ya gigabaiti 4, kihariri kikubwa kinachukua sehemu yake, seva inachukua yake, mfumo wa kompyuta nao unadai wake, na kabla hujaandika neno kumbukumbu imekwisha. Hapo mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, kama mtu anayepika chumbani kwake huku sufuria zake ziko kwa jirani. Kila akitaka mwiko anabisha hodi. Wiki moja nilitumia saa ya kusimamisha ya simu. Tangu nihifadhi faili mpaka kosa lionekane zilikuwa zinapita sekunde 20 siku ikiwa njema, na dakika moja na nusu siku nyingine. Kufungua tu na kusubiri seva iwe tayari kulikuwa dakika 4, muda wa kuchemsha chai.

Mtu asiyefanya kazi hii atasema dakika moja ni nini. Ni swali la haki. Sekunde moja unaivuka ukiwa bado umelishika wazo mkononi. Dakika moja huivuki nalo. Unashika simu. Unaona ujumbe wa kundi la ukoo, mjomba ametuma picha ya ng'ombe. Ukirudi, kosa limeshatokea kwenye kioo, lakini wewe hukumbuki ulikuwa unataka kufanya nini ulipoliandika. Unaanza kuogopa kuuliza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilianza kuandika mistari mingi bila kukagua, nikiogopa gharama ya swali, halafu makosa yalikuja thelathini kwa pamoja, nikakaa nayakodolea macho kama deni la duka.

Programu ninayoitetea inaitwa ghcid. Jina lake halitamkiki na sitajaribu. Ilitolewa na Neil Mitchell, Mwingereza, mwaka 2014. Inaishi kwenye terminali, lile dirisha la maandishi matupu ambalo kwenye filamu hutumiwa na wezi wa benki. Haina vitufe, haina rangi za kujisifia, na haihitaji kihariri chochote maalumu. Unaifungua dirisha moja, unaandika dirisha jingine kwa chochote ulicho nacho.

Inachofanya ni kidogo mno kiasi kwamba nilipokielewa nilicheka. Kompaila ya Haskell, GHC, inakuja na mwenzake wa mazungumzo aitwaye GHCi. Ukimfungulia programu yako, anaipakia kwenye kumbukumbu na kukaa nayo. Ukimwambia apakie upya, hasomi tena kila kitu. Anaangalia faili lipi limebadilika, analisoma hilo na yanayolitegemea, basi. Tena hajisumbui kutengeneza programu kamili ya mashine wala kuunganisha vipande vyake vyote, kazi ambayo ndiyo hula muda. Uwezo huo ulikuwapo miaka mingi. Ghcid inamfungua GHCi, inakaa ikiyaangalia mafaili yako, na kila ukihifadhi inamwambia apakie upya. Jibu likija, inalipanga litoshe urefu wa dirisha, makosa yakitangulia maonyo, ili lile la kwanza kulishughulikia liwe mbele ya macho yako bila kusogeza kitu. Kama hakuna kosa inaandika maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya “yote sawa” na idadi ya moduli. Ukitaka, inaendesha na majaribio yako kila msimbo unapopita ukaguzi.

Ni hayo tu. Mtu mmoja aliona kwamba tunachongoja sisi ni mtu wa kubonyeza kitufe cha kupakia upya, akaandika programu ya kubonyeza.

Usiku wa kwanza nilioijaribu ilikuwa umeme umekatika na betri inasoma asilimia 61. Niliandika, nikahifadhi, nikainua macho, jibu lilikuwa limeshafika. Nilidhani ni jibu la zamani. Nikaharibu jambo kwa makusudi: nikaweka lita mahali pa shilingi. Jibu likabadilika kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe vizuri. Nikarekebisha, yote sawa. Nikaharibu tena. Nilifanya hivyo kama mtoto aliyeonyeshwa swichi ya taa, mpaka betri ikafika asilimia 20 nikaona aibu.

Kuna kitu kingine kuhusu kasi hiyo ambacho sikukiona usiku ule. Haskell inakuruhusu kuacha pengo. Unaandika programu yako, na pale usipojua pa kuweka nini, unaweka alama ya mstari wa chini tu. Kompaila inapofika hapo inasimama na kukuambia: pengo hili linahitaji kitu cha aina hii, na hivi hapa ulivyo navyo karibu. Yaani unaiuliza swali, nayo inakujibu kwa upole kuliko walimu wengi. Pengo linaloshughulikiwa kwa sekunde moja ni chombo cha kufikiria. Unaweka pengo, unasoma, unajaza nusu, unaacha pengo dogo zaidi ndani yake, unasoma tena, na programu inajikaza kidogo kidogo kama mkeka unaosukwa. Pengo linalojibiwa kwa dakika moja na nusu hakuna mtu atakayelitumia. Somo letu lilikuwa na mhadhara mzima juu ya mbinu hii. Nusu ya darasa tuliiandika kwenye daftari kama elimu ya nadharia, kama vile watu wa bara wanavyojifunza majina ya samaki.

Sasa niwajibu wakubwa zangu.

Wapo wanaosema kungoja kunamfunza mtu kufikiri. Mhadhiri wetu mmoja, Dokta ninayemheshimu kwa mengine, alitusimulia kwamba zamani programu zilitobolewa kwenye kadi, unakabidhi dirishani, unarudi kesho kuchukua majibu, na kwamba ndiyo maana watu wa wakati ule hawakukosea ovyo. Ni kweli kadi zilikuwepo. Lakini historia haiishii alipoishia yeye. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz pamoja na wanafunzi wao waliifanya kompyuta moja iwajibu watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kituo chake, kwa lugha mpya ya BASIC waliyoibuni kwa ajili hiyo. Walikuwa walimu wa hisabati. Walitaka hata mwanafunzi wa fasihi aweze kuuliza kompyuta jambo na kujibiwa akiwa bado amekaa kwenye kiti. Hawakusema kadi zinajenga tabia. Waliona kwamba kungoja kunawafukuza wanafunzi, wakakuondoa.

Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilianza kuuza Turbo Pascal, kompaila na kihariri katika programu moja, kwa dola 49.95, wakati kompaila nyingine ziliuzwa kwa mamia ya dola. Ilifanya kazi yake ndani ya kumbukumbu bila kuhangaika na diski, na ilipokuta kosa la kwanza ilisimama na kukuweka kwenye mstari uleule ulirekebishe. Faili kuu la toleo lake la tatu halifiki kilobaiti 40. Picha ya ng'ombe wa mjomba ni kubwa kuliko hiyo. Vijana wa miaka ile walijifunza kwa mashine ambazo ukilinganisha na yangu ya Kariakoo, yangu ni meli. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba jibu la haraka ni anasa iliyokuja na gigabaiti 16. Lilikuwepo. Lilipotea njiani, na waliolipoteza hawakugundua kwa sababu kila mwaka wananunua mashine mpya.

Na hao hao, wanapoumia wao, hawahubiriani subira. Rob Pike, wakati ule akiwa Google, amesimulia jinsi wazo la lugha ya Go lilivyoanza, mwezi Septemba 2007: alikuwa anangoja programu kubwa ya C++ ikusanywe, kazi iliyochukua kama dakika 45 hata kwenye kundi la kompyuta lililogawana mzigo. Alimgeukia Robert Griesemer, wakamwita Ken Thompson, wakaanza kuchora lugha mpya, na mwaka 2009 dunia ikatangaziwa. Siwalaumu, walifanya vizuri. Nataka tu tuweke mambo mawili mezani pamoja. Wao walipochoka kungoja, walitengeneza lugha nzima. Sisi tukichoka, tunaambiwa hatuna subira.

Hoja ya kufikiri kabla ya kuandika ninaikubali nusu. Kweli wapo wanaobonyeza ovyo mpaka kosa liondoke, bila kuelewa limeondokaje, na chombo cha haraka kinawarahisishia uvivu huo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo saa nane za usiku. Lakini mama ntilie wa pale njiani kwetu anaonja mchuzi mara kumi kabla haujaiva, na hakuna anayemwambia akae mbali na chungu ili ajifunze kutafakari chumvi.

Wapo pia wa upande mwingine, na hawa ninawaogopa zaidi kwa sababu wanaonekana kuwa wenzangu. Ni wale wanaotukuza terminali kama dini. Wana mashine za gigabaiti 64 na wanajisifu kwamba hawatumii kihariri chenye vitufe, kwamba kioo cheusi ni usafi wa moyo. Wanafunga saumu huku friji imejaa. Nikiwasikia natamani niwape mashine yangu wiki moja ya mvua. Mimi sikuchagua udogo kwa sababu ya urembo wake. Ningekuwa na kihariri kikubwa kinachojibu kwa sekunde moja ningekitumia bila haya, maana ghcid haimalizii majina, hainipeleki mahali jambo lilipofafanuliwa, haibadilishi jina la kitu kila lilipotajwa. Nikitaka kujua chaguo fulani limeandikwa wapi natafuta kwa mkono kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Tena si kwamba ni nyepesi kwa kila kazi. GHCi yenyewe inakula kumbukumbu programu ikikua, na kompaila ya Haskell ni mzigo wa zaidi ya gigabaiti moja ambao nilishusha kwa bando la usiku, siku mbili. Na Mitchell mwenyewe hakuishia kwenye udogo. Baadaye alishiriki kutengeneza ghcide, ambayo ilikuja kuwa msingi wa seva ya lugha ya Haskell, ileile inayoilemea mashine yangu. Haoni vita kati ya viwili hivyo, na mimi sioni. Ninachoona ni kwamba kimoja kiliandikwa kwenye mwongozo wa somo na kingine hakikuandikwa, na aliyeandika mwongozo hakujiuliza nani atakuwa anausoma kwa mashine gani.

Nimeambiwa pia ninunue mashine bora. Ahsante. Bei yake inakaribia ada yangu ya muhula.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu juu.

Tulikuwa wawili darasani wenye gigabaiti 4. Mwenzangu nitamwita dada tu, ndivyo nilivyozoea kumwita, amenizidi miaka mitatu na alikuwa akifundisha hisabati sekondari kabla ya kuja. Kichwani ni mwepesi kuliko mimi. Kwenye ubao, kwa chaki, alithibitisha vitu ambavyo mimi nilivikubali kwa imani. Lakini kwenye maabara ya vitendo tulikuja na mashine zetu, na kazi ilikuwa ya saa mbili. Wiki ya tatu alimaliza nusu. Wiki ya nne alimaliza theluthi. Msimamizi wa maabara alipita nyuma yake, akasimama akaangalia kioo kilichoganda, kisha akasema kwa sauti ya kutosha wengine tusikie: “Dada, haya mambo hayana miujiza, yanataka wepesi.”

Wepesi. Mashine yake ilikuwa imebisha hodi kwa jirani kuomba mwiko.

Mimi wiki ya nne nilimaliza. Nilikuwa nimeijua ghcid kwa siku kumi na moja. Wiki ya tano nilimaliza wa tatu darasani, na Dokta akaniuliza nimefanyaje na kimashine kile. Nikasema nimejitahidi. Sijui kama mnaelewa utamu wa jibu hilo. Muhula mzima nimekuwa mtu wa nyuma, na ghafla watu wananigeukia kuuliza. Nilijiambia kwamba kila mtu na mbinu zake. Nilijiambia kwamba dada hajaniuliza. Ni kweli hakuniuliza. Angeulizaje kuhusu kitu asichojua kwamba kipo?

Jaribio la vitendo lilikuwa wiki ya saba. Alipata alama ambazo mwalimu wa hisabati wa miaka mitano hakuzoea kuzipata. Wiki ya tisa alibadilisha mkondo, akahamia upande wa usimamizi wa mifumo ya habari, ambako wanaandika ripoti. Alituaga kwa utani, akasema amegundua mambo ya kompaila ni ya watoto wa kiume wasiolala. Tukacheka. Mimi nilicheka.

Nilimwonyesha mwezi wa pili mwaka huu. Nilikwenda kwao Tabata na flashi, nikamsakinishia kwenye mashine yake ileile, nikafungua kazi yetu ya wiki ya nne, ile ya kuchambua maandishi ya ankara. Nikahifadhi. Jibu likaja. Alinyamaza. Akachukua kibodi, akaharibu mstari mmoja, akahifadhi, akarekebisha, akahifadhi. Alifanya hivyo mara nne au tano bila kusema neno. Halafu akaniuliza, “Wewe ulianza kuitumia lini?”

Nikamwambia.

Nilimwona akihesabu. Mwalimu wa hisabati hahesabu kwa vidole, lakini macho yanakwenda juu kidogo. Kisha akaingia ndani kuchukua chai, akarudi, akasema sukari iko pembeni, na hatukuizungumzia tena. Kabla sijaondoka aliniomba nimwandikie kwenye karatasi amri ya kuifungulia, maana flashi yake imejaa picha za harusi. Nikaandika. Sikujua niandike nini kingine chini yake.

Kwa hiyo makosa mengine ni yangu na nimeyataja. Lakini sitakubali yale ya idara yafichwe nyuma ya yangu. Mwanafunzi asingepaswa kutegemea wema wa mwanafunzi mwenzake ili ajue kwamba kuna njia ya pili. Mwongozo una kurasa 12. Mstari mmoja ungetosha: mwenye mashine ndogo, fungua terminali, tumia hii. Jaribio la vitendo linapima saa mbili za mtu au saa mbili za mashine? Kama ni za mtu, basi wote wakae kwenye kompyuta za maabara zinazofanana, au muda wa kungoja uhesabiwe na kuondolewa. Nilipendekeza hayo kwa barua mwezi wa tatu. Nilijibiwa kwamba limepokelewa na litaangaliwa. Nilipofuatilia, niliambiwa kwamba kutaja programu za terminali kunaweza kuwatisha wanafunzi.

Kuwatisha! Watu wanaopanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni watatishwa na maandishi meupe kwenye kioo cheusi.

Na nisionekane nagombania Haskell peke yake. Walioko kwenye Rust wana chombo kiitwacho bacon, kazi yake inafanana: kinakaa terminali, kinaangalia mafaili, kinakuletea makosa kila ukihifadhi. Lugha karibu zote zina kitu cha namna hiyo, mara nyingi kazi ya mtu mmoja au watu wachache waliochoka kungoja. Havionekani kwenye matangazo kwa sababu hakuna cha kuuza ndani yake. Ukitaka kuvijua lazima ukutane na mtu anayevijua, na mtu huyo awe na moyo kuliko niliokuwa nao mimi wiki ya nne.

Wanafunzi wapya wameingia. Nimepita kwenye darasa lao kama msaidizi wa maabara, nikahesabu mashine kimyakimya nikijifanya natafuta soketi. Saba kati yao zina sauti ninayoijua, ile ya feni inayolia kama nyanya anayepanda ngazi. Mwongozo waliopewa ni uleule, gigabaiti 16 na subira. Nimeandika karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye amri tatu na picha ya kioo, nikaibandika mlangoni mwa maabara kwa gundi ya karatasi. Imebanduliwa mara mbili. Ya tatu nimeibandika kwa ile gundi ya fundi viatu wa pale getini, na hadi jana jioni ilikuwa bado ipo.